Hakuna Mtu Anayeitwa Hasidi

Kuna kitabu kimoja nimekisoma mara nne katika maisha yangu. Ni chembamba, mtu anaweza kukimaliza kwa siku moja kama siku hiyo hana foleni ya maji. Kinaitwa Adili na Nduguze, alikiandika Shaaban Robert, kilitoka mwaka 1952. Nataka kuwaeleza mara hizo nne, kwa sababu mara ya tatu nilijikuta mimi mwenyewe ndani yake, na si pale nilipokuwa nimezoea kujiweka.

Kwa ambao hamjakisoma, hadithi kwa kifupi ni hii. Kuna ndugu watatu, Adili, Hasidi na Mwivu. Baba yao akafa, wakagawana urithi. Hasidi na Mwivu wakapoteza mafungu yao, Adili akawagawia tena katika fungu lake. Wakasafiri pamoja kwa biashara. Katika safari hiyo Adili alimwokoa Huria, binti wa mfalme wa majini. Baadaye, katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, alimkuta msichana mmoja aliyebaki hai, Mwelekevu. Ndugu zake wakaona wivu. Usiku, Adili akiwa amelala, wakamtupa baharini. Huria akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku. Adili akawa mtawala wa Janibu, mtu wa heshima, lakini kila usiku alikuwa anaamka, anaingia chumba cha manyani, anawachapa, kisha anawabembeleza na kuwalisha huku analia. Habari zikafika kwa mfalme Rai. Mfalme akamwita, akasikiliza kisa chote, akawaombea wale ndugu wasamehewe. Wakarudi kuwa watu.

Mara ya kwanza ilikuwa Baraka, upande wa Fizi, mwaka 1995. Nilikuwa na miaka 9. Baba alikuwa anavusha mawese kwa boti kwenda Kigoma, anarudi na chumvi na sabuni. Safari moja akarudi na kitabu. Mama alimuuliza kama kitabu kinaliwa. Baba akacheka tu, na usiku akawasha kibatari, akaanza kutusomea.

Shuleni Kifaransa ndicho kilichokuwa na heshima. Kibembe kilikuwa cha wazee, Kiswahili cha nyumbani na sokoni. Sasa kumbe Kiswahili nacho kinaweza kuvaa suti! Maneno mengine hata baba hakuyajua, akawa anayapita haraka haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Tuliokuwa tunasikiliza ni mimi, dadangu mdogo, na mtoto wa baba mkubwa, ambaye tulimlea kwetu baada ya wazazi wake kufariki. Alinizidi miaka minne. Kwetu kaka mkubwa tunamwita yaya, na hivyo ndivyo nilivyomwita, hivyo ndivyo nitakavyomwita humu.

Yaya ndiye aliyeuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, "Lakini baba, mzazi gani anamwita mtoto wake Hasidi? Alimchukia tangu siku amezaliwa?"

Baba alifikiri kidogo, akajibu, "Mzazi hawezi. Ni mwandishi ndiye aliyewaita hivyo, kwa sababu mwandishi anajua mwisho. Mzazi hajui mwisho."

Mimi swali hilo halikunihusu. Nilichokipenda mimi ni manyani na kiboko. Mchana tulikuwa tunaigiza. Yaya alikuwa mkubwa, angeweza kuchagua, lakini kila mara aliniachia mimi niwe Adili. Yeye anakuwa nyani, anaruka na kujikuna, nami namchapa kwa jani la mgomba mpaka tunachoka kucheka.

Mwaka uliofuata vita ilitufikia. Tulivuka ziwa usiku. Kitabu kilibaki nyumbani, na baba hakuvuka. Hilo la baba sitalieleza hapa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1996, nasi tukawa miongoni mwa watu wa mwanzo, wakati ule bado ni msitu na mahema.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 2007. Nilikuwa na miaka 21. Sokoni kulikuwa na jamaa anauza vitabu chakavu juu ya turubai, nikakiona hicho hapo, jalada limetoka, kurasa zote zipo. Nilikipata kwa vikombe viwili vya dengu za posho, na mama alinigombeza sana.

Miaka ile watu wengi walikuwa wanajiandikisha kurudi Fizi. Kila nyumba ilikuwa na mjadala wake. Yaya alitaka kurudi. Alisema shamba la baba lipo, ziwa lipo, watu wamechoka kupigana. Mimi nilimwambia, turudi tukakae na nani? Waliotufukuza hawakuwa watu wa sayari nyingine. Baadhi walikuwa majirani, tulijua hata mbuzi wao kwa rangi. Kama tungerudi, ningeamka asubuhi, nimkute mmoja wao ananipa habari za asubuhi, nami nijibu nzuri. Sikuweza.

Nikiwa na hasira hiyo nilikisoma kitabu usiku mmoja, na nilikisoma kama hakimu. Adili alikuwa sisi, watu tuliotupwa majini tukiwa tumelala. Hasidi na Mwivu walikuwa wao. Nilikuwa upande wa Huria moja kwa moja. Chapa! Kila usiku chapa! Nilipofika mwisho, mfalme Rai anapoingilia na wale wawili wanarudishiwa ubinadamu wao, wanatubu na kuishi vizuri, nilikifunga kitabu kwa kishindo. Nilimwona mwandishi ni mtu ambaye hajawahi kutupwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Shaaban Robert hakuitoa hadithi hii hewani. Inafanana sana na kisa kimoja cha Alfu Lela U Lela, cha mtu anayeitwa Abdullah na ndugu zake wawili. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, siyo manyani. Na kule mwisho ni mwingine. Wakishasamehewa na kurudi kuwa watu, wanarudia tena ubaya, wanajaribu kumuua ndugu yao, na hatimaye wao ndio wanauawa. Nilipojua hilo nilifurahi. Nilisema, huo ndio mwisho wa kweli, huyu wetu wa Tanga alilainisha mambo.

Yaya hakubishana nami. Hakujiandikisha. Alibaki kambini kwa sababu mimi nilikataa kurudi, na mama hakutaka kutugawa. Naomba mlikumbuke hilo, maana mimi nililisahau.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2016.

Wakati huo mimi na yaya kila mtu alikuwa na familia yake na kadi yake ya posho. Watu wetu wengi walikuwa wameanza kuitwa kwa ajili ya safari ya nchi ya tatu. Mnajua kipindi kile kilivyokuwa. Asubuhi kabla ya uji watu wako kwenye ubao wa matangazo, kidole kinashuka kwenye orodha. Mwingine anapiga kelele, mwingine anaondoka kimya, anajifanya alikuwa anapita tu. Ndoa zilivunjika pale ubaoni. Marafiki wa miaka 15 waliacha kusalimiana.

Mke wa yaya alikuwa ametoka kujifungua, hali yake haikuwa nzuri. Yaya alikuwa anafyatua matofali upande wa mbali wa kambi, anatoka alfajiri, anarudi giza limeingia. Akaniomba, "Mdogo wangu, unitazamie ubao." Nikasema sawa.

Alhamisi moja nikaliona jina lake. Yeye, mke, na watoto wote, hata huyo mchanga. Mahojiano Jumatatu asubuhi. Nikatafuta jina langu juu, nikatafuta chini, nikaanza tena juu. Halikuwepo.

Jumamosi yaya alipita kwangu jioni, matope mpaka magotini. Akakaa kwenye kibao, akaomba maji. Akauliza, "Sasa ubao unasema nini?"

Nikasema, "Bado."

Neno lenyewe hilo. Kambini tunalisema mara mia kwa siku. Posho imefika? Bado. Majibu yametoka? Bado. Halina hata uzito mdomoni. Akanywa maji, akarudisha kikombe, akaenda kulala.

Jumatatu ikapita. Orodha ikabanduliwa, ikabandikwa nyingine. Alipokuja kusikia kwa watu kwamba aliitwa, alikwenda kuuliza, akaambiwa jina limeandikwa hakufika, asubiri kupangwa upya. Aliniuliza mimi. Nikamwambia labda karatasi ilifunikwa na nyingine. Mwaka 2017 Marekani ikapunguza sana idadi ya wakimbizi inaowapokea. Yaya anasubiri mpaka leo. Huyo mtoto mchanga sasa anakwenda shule.

Kwa nini nilifanya vile? Siku zile nilijiambia ni upendo. Yaya ndiye aliyebaki kwangu baada ya baba. Akienda, nabaki na nani? Basi acha tungoje, tutaitwa pamoja, twende pamoja. Nililiamini hilo kwa wiki kama tatu hivi.

Kisha usiku mmoja nilikichukua kitabu, bila sababu, usingizi tu ulikuwa haupo. Nikafika pale wanapomtupa Adili baharini. Nilikuwa nimesoma sehemu hiyo mara mbili kabla, na kila mara macho yangu yalikuwa kwa yule aliyelala. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, niliwatazama waliokuwa macho. Wanakwenda polepole wasimwamshe. Nikajua mwendo ule. Mimi yaya sikumshika mguu wala mkono. Nilimwacha tu aendelee kulala.

Ndipo swali lake la utotoni liliponirudia. Mzazi gani anamwita mtoto wake Hasidi? Shaaban Robert anawapa watu wake majina ya tabia zao. Ukimwona Hasidi unajua wa kumwogopa, ukimwona Adili unajua wa kumpenda. Kwa mtoto ni msaada mkubwa. Kwa mtu mzima ni mtego. Nimekaa kambini miaka mingi, nimesikia majina ya kila namna, ya Kibembe, ya Kifuliru, ya Kirundi, ya Biblia na ya Kurani, lakini hakuna mtu niliyewahi kukutana naye anayeitwa Hasidi. Wote tunaitwa majina mazuri. Kwa hiyo tukisoma hadithi ya wivu, kila mtu anakaa kwenye kiti cha Adili, na vile viti viwili vingine vinabaki vitupu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho miaka 20.

Hapa najua kuna msomaji atanitetea. Labda ni mmoja wenu mnaofanya kazi za misaada, mnaokuja asubuhi na magari meupe na kuondoka jioni. Mtasema, mtu aliyefungiwa sehemu moja miaka 20, nafasi ni chache, majina yanabandikwa hadharani, huyo si mwivu, huyo amefanywa kuwa mwivu. Nawashukuru. Na kweli naomba mlifikirie lile la ubao. Mkiweka majina ya watu wachache mbele ya macho ya watu wengi, mnachobandika pale si taarifa peke yake.

Lakini utetezi huo siwezi kuuchukua wote. Watu wangapi walitazama ubao uleule asubuhi ileile, hawakuona majina yao, wakakimbia kumwambia jirani, "Wee, umeitwa!" Wengi tu. Nao walikuwa wanakula dengu zilezile. Tena kitabu chenyewe kinanibana. Hasidi na Mwivu walipewa fungu lao, wakalipoteza, wakapewa tena. Uhaba haukuwa mama wa wivu wao. Nadhani uhaba ni kama upepo. Unaweza kuukuza moto mpaka ukachoma kijiji, lakini kwanza lazima pawe na kaa, na kaa langu nililiwasha mimi.

Tangu usiku ule nilijihukumu kwa namna yangu. Kila nikilala nilikumbuka lile "bado", nikajichapa nalo. Nilimsaidia yaya kuezeka nyumba. Nilimpelekea mafuta mgao wake ulipopungua. Nilijiona kama nalipa. Miaka ikaenda hivyo, mimi ni Adili mwenye kiboko na mimi ni nyani, chumba ni kimoja, na hakuna aliyesikia kitu.

Mara ya nne ni mwaka huu. Binti yangu ana miaka 9, umri wangu wa Baraka. Tunasoma kurasa mbili mbili jioni, taa ya sola ikiwa na chaji. Tulipofika kwenye manyani hakucheka kama nilivyocheka mimi. Aliuliza, "Baba, hao manyani wanajua kuongea?"

Nikamwambia hapana, ni manyani.

Akasema, "Sasa wataomba msamaha vipi?"

Nilimwambia alale, taa inakwisha. Haikuwa inakwisha.

Maana hilo ndilo nilikuwa sijaliona mara zote tatu. Nilidhani adhabu yao ni kiboko. Kiboko ni kidogo. Adhabu kubwa ni kwamba walinyimwa ulimi. Walikuwa mbele ya ndugu yao kila usiku, wanamwona anawalilia, na hawawezi kusema neno moja. Wao walinyimwa. Mimi ulimi nilikuwa nao muda wote, nikaishi kama nyani kwa kupenda. Na tazameni kitu kingine. Miaka yote ya viboko haikuwageuza kuwa watu. Mambo yalianza kubadilika siku kisa kilipotolewa chumbani, kikasemwa kwa sauti mbele ya mtu mwingine.

Hata hivyo nilisita wiki nyingi, na sababu haikuwa woga peke yake. Nilijiuliza, nikimwambia yaya, nani atapona? Mimi nitatua mzigo, sawa. Lakini nitautua wapi? Juu ya kichwa chake. Sasa hivi anaamini ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya mtu anaweza kuishi nayo. Nikimwambia, nitampa mtu wa kumchukia, na mtu huyo ni ndugu yake pekee. Je, ukweli namna hiyo ni zawadi au ni kumtupa baharini mara ya pili?

Nililigeuza swali hilo kila upande, na jibu nililolipata ni hili, mnaweza kulikataa. Kisa kile hakikuwa changu peke yangu. Nusu ya kisa ni maisha yake. Anapanga mambo yake, anawaeleza watoto wake kwa nini wako hapa, na katikati ya maelezo yake kuna uongo niliouweka mimi. Kumficha ili asiumie ni kuendelea kumwamulia, kama nilivyomwamulia Jumamosi ile. Msamaha siwezi kumdai. Ukweli ni mali yake, nilikuwa nimeikalia tu.

Nilimwambia. Tulikuwa kwenye kivuli nyuma ya nyumba yake, anakarabati kiti. Nilisema yote, ubao, Alhamisi, "bado". Hakunikatisha. Nilipomaliza akasema, "Minakusikia." Akaendelea kupiga msumari, akaupinda, akaung'oa, akaweka mwingine. Mwisho akasema, "Sasa uende."

Wiki tatu hakuja kwangu. Mkewe alipita njia nyingine. Wiki ya nne yaya alisimama mlangoni, akaomba pampu ya baiskeli. Nikampa. Kesho yake akairudisha kwa mtoto.

Ile tamaa yangu ya mwaka 2007, kwamba mwisho mzuri ni ule wa ndugu kuuawa, imeniisha. Sasa naona Shaaban Robert hakulainisha kitu. Kuandika kwamba mtu mbaya aliendelea kuwa mbaya ni rahisi, dunia inakusaidia. Yeye alijasiria kusema mtu anaweza kurudi kuwa mtu. Nimewafikiria upya hata wale majirani wa Baraka. Sijasema nimewasamehe. Nasema tu kwamba nao wana majina mazuri, na huenda mmoja wao analala vibaya.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba yaya ruhusa, kwa sababu kisa ni chetu wawili. Alisema, "Andika, lakini jina langu usiweke."

Nikamuuliza, "Niandike kwamba umenisamehe?"

Akanitazama muda mrefu.

"Andika bado," akasema.

Nimeandika. Binti yangu amebakiza kurasa chache afike kwa mfalme Rai. Jana yaya alipita jioni, akamkuta anasoma kwa sauti mlangoni, akasimama kumsikiliza mpaka ukurasa ukaisha. Alimsahihisha neno moja, akaendelea na safari yake.